Tupeane uzoefu: Pi yako ilipogoma kuwaka, tatizo lilikua nini?

Wakuu habari za mchana. Naona watu wanatupa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wakisema imekufa, wakati ukikaa nayo nusu saa unakuta bodi ni nzima kabisa, na hivi vitu kwetu vinapatikana kwa taabu. Kila mtu aweke kisa chake na kilichoiponya.

Naanza mimi. Kuna shule niliwafungia Pi 3 yenye programu ya Kiwix, wanafunzi wanasoma Wikipedia bila intaneti, imepiga kazi miezi kadhaa, siku moja mwalimu ananipigia mtambo hauwaki. Nikaenda na memori kadi mpya nikaflashi upya (kuandika mfumo kwenye kadi), wapi, inafika katikati inajizima inaanza tena, nikaweka kadi nyingine vilevile. Ndo nikatulia nikaitazama ile taa nyekundu, kila diski ya nje ikianza kuzunguka taa inazima kidogo halafu inarudi. Kwa Pi 3 hiyo taa ikizima ujue umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Nikachukua mita, ncha moja pini ya 4 (ya volti 5) nyingine pini ya 6 (graundi), nasoma volti 4.4! Chaja haina shida, kumbe kuna mtu kabadilisha waya kaweka mwembamba mrefu wa simu. Nikaweka mfupi mnene, ikawaka palepale.

binti_wa_terminal:
Yangu ilikua memori kadi feki. Imeandikwa GB 64, inaflashika vizuri, inawaka, ila ukishajaza vitu ukazima ndo basi tena. Nikaipima kwa f3, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kwenye laptopu, ya kweli ni GB 8 tu, vinavyozidi hapo vinapotea. Nilipoteza data zote za mradi wa chuo, iliniuma sana aisee. Sasa hivi kadi haiingii kwenye Pi kabla sijaipitisha f3write na f3read, inachukua muda mrefu ila ivumilie tu.

mzee_wa_solda:
Mdogo wangu alichomeka kadi ya Pi kwenye laptopu ya Windows, ikamuuliza unataka kuformati hii diski, akakubali. Jamani msikubali! Windows haiisomi ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, ndo mana inauliza, na ile ndo patisheni (kipande cha kadi) yenye mfumo wote. Ile ndogo ya FAT32, ya kuwashia, ilibaki salama kwahiyo Pi ikawa inaanza vizuri kabisa, maandishi yanashuka halafu inaganda kwenye kernel panic, unable to mount root fs, yaani kernel (kiini cha mfumo) imekosa patisheni yenye mfumo. Hapo hamna ujanja, ni kuflashi upya.

kijana_wa_bodi:
Wenye Orange Pi, bodi ya kampuni nyingine inayofanana na Raspberry Pi, mnisikilize. Yangu taa inawaka ila skrini nyeusi siku tatu nzima. Nikanunua kale kawaya ka USB kwenda siriali, ka kusomea maandishi ya bodi kwenye laptopu, chagua ka volti 3.3, TX (ya kutuma) ya huku inaenda RX (ya kupokea) ya kule na graundi kwa graundi, spidi 115200. Dakika hiyohiyo nikaona U-Boot, programu inayoiwasha bodi, inaandika yenyewe imekwama wapi, nilikua nimeweka imeji (faili la mfumo la kuflashi) ya modeli nyingine. Siku tatu zote bodi inasema, mimi ndo sikua na pa kuisomea.

binti_wa_terminal:
@kijana_wa_bodi hiyo ya imeji wengi inawakuta. Halafu kwenye Pi hesabuni na taa ya kijani, ikipepesa mara 4 haijaona start.elf, faili la kuwashia, mara 7 haijaona kernel.

mgeni_humu:
Samahani wakuu, yangu Pi 4 jana nimeongeza kitu kidogo kwenye cmdline.txt, faili la maagizo ya kuwashia, na leo haiwaki.

Mleta mada:
Mgeni karibu. Ulipoongeza ulibonyeza enta? Lile faili lazima liwe mstari mmoja tu, kilichoshuka mstari wa pili hakisomwi. Chomeka kadi kwenye laptopu, fungua ile patisheni ndogo, rudisha yote mstari mmoja, acha nafasi moja moja katikati.

mgeni_humu:
Ni kweli mkuu, root=, inayoonyesha mfumo uko wapi, yote ilikua imeshuka chini. Imewaka. Mungu akubariki.