Tupeane uzoefu: mlioacha kuamini Mungu, ilikuwaje, na mnaishije na jamaa zenu?

Mwana wa Lindi

Ndugu zangu, nimesukumwa kuandika na arobaini ya baba yangu. Baada ya hitima wakubwa walinitaka, kama mtoto wa kiume wa kwanza, nitoe neno, na nilijua fika kwamba wote waliokaa mkekani walitarajia niseme kuwa Mungu amempenda zaidi kuliko sisi. Mimi siamini hivyo, na sijaamini tangu nikiwa kidato cha tatu. Nilichofanya ni kusimulia namna mzee alivyokuwa akipima korosho za majirani kwa mizani yake bila kuwapunja, kisha nikakaa. Hakuna aliyenikemea, ila shangazi alinikazia macho mpaka sahani zikaanza kupita.

Kwetu si mbali na kilima cha Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na wenyeji wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Umri wa mifupa ile ni takriban miaka milioni 150. Nilipomuuliza ustadhi wa madrasa wanyama hao walikaa wapi ndani ya safina ya Nuhu, aliniambia hilo ni swali la shetani, na tangu siku hiyo nikawa nayatafuta majibu mahali pengine. Sikuacha kuamini kwa hasira wala kwa ajili ya kutaka ulevi na starehe, kama watu wanavyodhani. Naona tu kwamba ulimwengu ulikuwepo zamani mno kabla yetu na haukutengenezwa kwa ajili yetu, na kwamba hilo haliyapunguzii maisha thamani hata chembe.

Nataka kusikia kwenu. Mliwaambia wazazi? Mlifunga ndoa vipi? Mkifiwa mnafanyaje?

Binti Mvita

Shangazi huyo ninaye na mimi. Kila penye hitima mimi huenda jikoni kwa hiari yangu, kwa sababu kule hakuna anayeulizwa anaamini nini.

Mwalimu wa Biolojia

Nafundisha sekondari magharibi mwa Kenya, na swali lako limenirudisha mwaka 2006, wakati Askofu Boniface Adoyo alipoongoza kampeni ya kuyapinga Makumbusho ya Taifa ya Kenya yasiyaweke mabaki ya binadamu wa kale mbele ya umma kama ushahidi wa mageuzi ya viumbe. Baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu Nairobi kumwona Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa 1984 karibu na Nariokotome na Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakupitia chuo kikuu lakini aliweza kutofautisha kipande cha fuvu na kokoto iliyolala pembeni yake. Mvulana yule aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Msichana mmoja aliniuliza kama alikuwa na roho. Nilimjibu kwamba mifupa inatuambia urefu wake, umri wake na namna alivyotembea, na kwamba swali la roho haliwezi kujibiwa na mifupa. Mzazi wake alinishtaki kwa mkuu wa shule juma lililofuata.

Hatuko wachache kama tunavyodhani. Katika sensa ya Kenya ya 2019 watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini, na Katiba ya 2010, ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri wa kila mtu. Hata hivyo chama cha wasioamini Mungu kilichosajiliwa mapema 2016 kilisitishiwa usajili mwezi Aprili mwaka huohuo, ikabidi suala lake lifike mahakamani. Sheria inaturuhusu, majirani bado.

Sauti ya Mzee

Mimi ni muumini na nimesoma kwa heshima. Nawauliza bila ubaya: kama hakuna hesabu baada ya kifo, ni nini kinachomzuia mtu kumdhulumu yatima? Na kumbukeni kwamba Bugando na KCMC, hospitali zinazowatibu hata wasioamini, zilitokana na juhudi za watu wa dini.

Jiwe Pembeni

Mzee, dini ni biashara ya hofu. Tazama Loliondo mwaka 2011, watu walivyomiminika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji aliyedai kinaponya; tazama Shakahola kule Kenya mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni kwa sababu watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Unataka ushahidi gani mwingine?

Sauti ya Mzee

Usiyachanganye mambo mawili. Babu wa Samunge alitoza shilingi 500 kwa kikombe. Ni tapeli gani anayetajirika kwa shilingi 500? Na viongozi wa serikali nao walikwenda kunywa.

Mwalimu wa Biolojia

Bei haikuwa tatizo, Mzee. Tatizo lilikuwa wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini kwamba kikombe kimewaponya, na wengine waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni ya magari. Na kwako Jiwe Pembeni: mama yangu amesali miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kumtia hofu, amelea yatima wa ndugu zake kwa imani hiyohiyo. Usimtukane kwa makosa ya Shakahola.

Jiwe Pembeni

Sijamtukana mama wa mtu. Nasema mlango wa imani ni ule mmoja, anaoupitia yeye na waliopitia wale wa Shakahola.

Mama wa Wawili

Nilikuwa nasoma tu, sikuwa na nia ya kuandika, lakini habari ya wagonjwa kuachishwa dawa imenigusa penye kidonda.

Mimi na mume wangu asili yetu ni Kanda ya Ziwa, tukahamia Iringa kikazi. Mtoto wetu wa kwanza, alipokuwa na miezi minane, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia nikimvika soksi. Alipimwa ikaonekana ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Katika kanisa tulilosali walisema ni laana ya ukoo wa mume wangu, kwa kuwa babu yake alikuwa mganga wa kienyeji, na mama mkwe akayapokea maneno hayo moja kwa moja. Mimi nilimpa mtoto foliki asidi na dawa za kuzuia maambukizi kwa saa zake. Kila Jumapili niliulizwa kwa nini nampa dawa mtoto ambaye tayari ameombewa, kana kwamba kidonge kinamtukana Mungu.

Alipokuwa na miaka minne nilisafiri kwenda Dodoma kikazi, na nyuma yangu mume wangu na mama yake wakampeleka kwenye mkesha wa maombi. Ilikuwa Julai. Wanaoifahamu Iringa wanajua usiku wa Julai ulivyo. Mkesha ulikuwa wa kufunga, na mtoto naye akafungishwa: hakupewa maji tangu alasiri mpaka asubuhi, akiwa amelazwa juu ya turubai. Kwa mgonjwa wa selimundu baridi na kukosa maji ni hatari, kwa sababu chembe nyekundu za damu hujikunja, zikaziba mishipa midogo, na nyingi zikavunjika. Nilipofika nyumbani nilimkuta macho yamekuwa ya njano, viganja vyeupe kama karatasi, mkojo mweusi. Aliniomba maji, akanywa, akaniomba tena.

Hospitalini walipima kiwango cha damu ikaja 3, chini mno. Damu ya kundi lake haikuwepo, wakatuambia tutafute ndugu. Dereva wa bajaji aliyetuleta, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua, alikunja mkono wa shati akasema atoe yeye. Ilichukua muda kupima na kulinganisha. Chupa ilitundikwa kwenye msumari wa dirisha kwa kuwa stendi zote zilikuwa na wagonjwa, nami nikawa nayatazama matone. Alifariki chupa ikiwa nusu.

Kaburini kiongozi wetu wa kanisa alisema mbele ya watu wote kwamba mtoto angepona kama mama yake angeamini bila kuchanganya na dawa. Mume wangu alikuwa amenishika mkono wakati maneno hayo yanasemwa, na nilihisi mkono wake unalegea.

Miezi iliyofuata nilianza kusoma. Nilijifunza kwamba kila mmoja wetu amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, na kwamba katika kila mimba yetu uwezekano wa mtoto kurithi viwili ni robo. Nilisoma pia kwamba mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi kinasaba kimoja tu anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na ndiyo maana kimebaki kwa wingi kwenye maeneo yetu yenye mbu. Nililia siku hiyo kilio cha namna nyingine. Hakuna aliyetulaani. Kilichomuua mwanangu kiliwahi kuwaokoa mababu zake utotoni, nasi tupo kwa sababu wao waliishi. Maelezo hayo hayakunirudishia mtoto, lakini yalimwondolea lawama babu wa watu, yakamwondolea lawama mtoto mwenyewe, na mimi pia.

Mtoto wa pili naye ana selimundu. Anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huo, anabeba chupa yake ya maji shuleni, na mwaka huu ameshika nafasi ya pili darasani. Mkiniuliza maana ya maisha, yangu ni huyo, na yule dereva.

Binti Mvita

Pole sana, dada. Nimeshindwa kuandika kingine.

Sauti ya Mzee

Binti yangu, pokea pole ya mzee. Yule kiongozi alikosea, na dini yake haikumtuma vile. Lakini naomba nikuulize: je, huoni kwamba ulimkasirikia Mungu kwa makosa ya watu?

Mama wa Wawili

Shikamoo Mzee. Sikumkasirikia. Mtu hukasirikiwa akiwepo. Nilitazama wodi nzima ya watoto, wengine wa wachungaji, wengine wa mashehe, na sikuona anayechaguliwa. Niliona tu wenye damu na wasio na damu. Na kuhusu swali lako la yatima, yule dereva hakuulizwa dini yake wala hakuahidiwa kitu. Alimwona mtoto.

Jiwe Pembeni

Huyo kiongozi ashtakiwe. Leteni jina.

Mama wa Wawili

Sitalitaja. Mume wangu aliyempeleka bado ni mume wangu, na bado anasali. Tumekubaliana jambo moja tu, kwamba dawa haziguswi.

Kijana wa Morogoro

Mimi sina kisa kizito. Nina mchumba wa Kilutheri, na wazazi wake wanataka nipokee kipaimara kabla ya mahari. Nisaidieni.

Binti Mvita

Pokea, kijana. Maji ya ubatizo na mikono ya mchungaji havimwumizi mtu, na wakwe watakuheshimu maisha yako yote.

Mwana wa Lindi

Mimi ningekataa. Utaahidi mbele ya watu mambo usiyoyaamini, na mkeo ndiye atakayekuwa shahidi wa kwanza kwamba unaweza kuapa uongo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali. Mnatoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, mnafunga bomani. Kamwambie baba mkwe mwenyewe, usimtume mshenga kwa jambo hili.

Mwalimu wa Biolojia

Mtume mshenga kwanza. Nimeona wakwe wakimfukuza kijana kabla hajamaliza kusalimia. Mengine ndoa itayatatua, na pilau la harusi halikaguliwi imani mlangoni.

Mwana wa Lindi

Nina swali moja la mwisho: nikifa, nitazikwaje? Nimewaambia wadogo zangu kwa mdomo kwamba sitaki nisomewe.

Mwalimu wa Biolojia

Kwa mdomo haitoshi. Sisi Wakenya hatujasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi; ukoo ukasema ni Mjaluo na atazikwa kwao. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, na mwaka 1987 mahakama ikaupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wakili mwenyewe, na bado hakuzikwa mkewe alikosema.

Sauti ya Mzee

Mwanangu, waachie walio hai namna ya kukulilia. Wewe hutasikia, kwa imani yako mwenyewe.

Mwana wa Lindi

Hilo ni kweli, Mzee, na limenigusa. Shangazi akitaka kunisomea Yasini asizuiwe. Ninachokataa ni kusemwa mbele ya kaburi kwamba nilitubu dakika za mwisho.

Mama wa Wawili

Basi liandike hilo peke yake, uweke saini mbele ya mashahidi, na mmoja wao awe shangazi mwenyewe.