Kilimanjaro ya 3D kwenye MapLibre: ngazi, miiba na upande uliokatika

SWALI
Wakuu, natengeneza ramani ya 3D ya Kilimanjaro kwa MapLibre GL JS (maktaba ya JavaScript ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari). Nimechukua SRTM (data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani) ya mita 30, faili S04E037, nikaipeleka EPSG:3857 (mfumo wa ramani za wavuti) kwa gdalwarp, nikatoa vigae, yaani vipande vya picha vinavyobeba mwinuko kama rangi, kwa rio-rgbify (-b -10000 -i 0.1), kisha nikavibana kwa WebP ya ubora 80 viwe vyepesi. Miteremko ya Kibo, kilele kikuu, imejaa ngazi, kuna miiba mirefu kuliko mlima wenyewe, na kaskazini pamekatika. Nianzie wapi?

JIBU 1
Mkuu, anza na miiba, chanzo ni kule kubana. Mwinuko husomwa kutoka nyekundu (R), kijani (G) na bluu (B) za kila pikseli, hivi: -10000 + (R×65536 + G×256 + B) × 0.1. Nyekundu ikiteleza kwa 1 tu, umepata mita 6553.6, na Kilimanjaro yote ni 5895! WebP ya ubora 80 hugusa rangi kwa namna ambayo jicho halioni, lakini hapa rangi ni hesabu. Tumia PNG, au WebP isiyopoteza data.

Ngazi zinatoka gdalwarp. Usipoielekeza, inanakili pikseli iliyo karibu. Weka -r cubic (ilainishe kati ya pikseli) pamoja na -ot Float32 (namba zenye desimali). SRTM ni mita kamili, na ukibaki na Int16 (namba kamili tu) desimali zote zinapotea. Fanya hivyo kabla ya kugeuza kuwa rangi, kamwe si baada.

Kaskazini: Kibo iko kama nyuzi 3 na dakika 4 kusini, jirani kabisa na ukingo wa faili. Ongeza S03E037, uunganishe kwa gdalbuildvrt.

JIBU 2
Miiba ikibaki, tafuta mashimo ya data, yaani pikseli zisizo na kipimo, ambazo SRTM huzipa -32768. Thamani hiyo iko chini ya -10000, kwa hiyo fomula haiwezi kuibeba. Yazibe kwa gdal_fillnodata.py.

JIBU 3
Kwenye chanzo cha raster-dem (aina ya chanzo cha mwinuko katika MapLibre) andika tileSize, ukubwa wa kigae kwa pikseli, sawa na vigae vyako. Usipoandika, inachukuliwa 512. Kwa vigae vya 256, maxzoom (kiwango cha juu cha kukuza) 12 inatosha: pikseli hapo ni kama mita 38 karibu na ikweta, na ukizidisha unaongeza uzito wa faili bila kupata mwinuko mpya. Kivuli cha milima kipe chanzo chake, tofauti na cha terrain (umbo la 3D lenyewe), hata kama vigae ni vilevile. Na exaggeration (kizidishi cha urefu) iache 1. Mlima huu hauhitaji kurefushwa, na ukirefusha, mpandaji ataona mteremko usio wa kweli.