"Mahadhi hayana chama"!!! Huyu mtu atatuua kwa presha

KambaSita:
Wakuu, mmeona alichojibu yule bwana? Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaambiwa kwa adabu zote kwamba kitabu chake cha nyimbo za kambi za vijana wa Ujerumani kimechanganya nyimbo za wapanda milima na za Vijana wa Hitler. Jibu lake maneno matatu: "Mahadhi hayana chama."

Hayana chama! Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinapiga marufuku alama za Wanazi, na wimbo wa Horst Wessel, uliokuwa wimbo wa chama chenyewe, umo. Mahadhi yake nayo yamo! Hata ukibadilisha maneno yote ukaimba habari za maziwa na mkate, bado uko matatani: faini, au jela hadi miaka 3.

Na hakuna aliyemwambia achome kitabu. Kila wimbo, tafuta mtunzi, mwaka, na kitabu ulimotokea mara ya kwanza. Ukiukuta kwenye Zupfgeigenhansl ya Hans Breuer ya 1909, kitabu cha nyimbo cha vijana watembezi wa Wandervogel, umemtangulia Hitler. Ukitokea kwanza kati ya 1933 na 1945, chimba. Yeye kafuta majina ya watunzi, kaandika "jadi" kila ukurasa. Hans Baumann, mtunzi mkubwa wa Vijana wa Hitler, kazaliwa 1914. Jadi ya nani hiyo?

Wimbo wa Krismasi wa Baumann wa 1936 una nyota, mioto milimani, akina mama. Yesu hayumo! Ulitungwa Krismasi ibaki bila Ukristo na mtu asishtuke. Ukisaka neno baya humo hulipati, na kwa utamu wake watu waliendelea kuuimba hata baada ya vita. Halafu mtu mzima anakwambia mahadhi hayana chama.

FilimbiYaMti:
Punguza moto mkuu, kibodi itaungua. Hiyo 1909 nayo usiitakase. Wandervogel haohao, mwaka 1913 kule Zittau, walimkataa msichana kwa kuwa ni Myahudi.

KambaSita:
Nimesema pa kuanzia, sijasema cheti cha usafi. Ila HAYANA CHAMA??

MzeeAkodioni:
Mnagombania vitabu vya mababu na wa leo mnawaacha. Frank Rennicke, mwimbaji wa mrengo mkali wa kulia: gitaa moja, sauti ya upole, hakuna ngoma wala kelele. Alipitia Wiking-Jugend, jumuiya ya vijana wa Kinazi mamboleo, ya kambi na mioto, iliyopigwa marufuku 1994. NPD, chama cha mrengo huohuo, ikamsimamisha agombee urais wa Ujerumani 2009 na tena 2010. Chama hichohicho kiligawa CD bure kwa vijana kabla ya uchaguzi wa Saxony 2004, kikaondoka na asilimia 9.2. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

NotaBovu:
Mzee, urais alipata kura 4, mwaka uliofuata 3. Tulale tu.

MzeeAkodioni:
Kura hazihusu. Anayesikia gitaa la taratibu hafikirii kuchunguza maneno, na wao wanalijua hilo.

Ubeti_wa_Nne:
Mbona hamuwataji Edelweisspiraten, vikundi vya vijana waliowapinga Wanazi? Walichukua nyimbo hizohizo za milimani, wakageuza maneno kuwadhihaki Vijana wa Hitler. Tarehe 10 Novemba 1944, Ehrenfeld, Köln, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walinyonga watu 13 hadharani, wengine vijana wa mkondo huo. Tuni ileile, upande mwingine. Kwa hapo yule bwana ana kahoja kadogo.

KambaSita:
Usimsaidie! Hao walibadilisha maneno kwa makusudi na kila aliyewasikia alijua wako upande gani. Yeye kafuta jina la mtunzi. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

FilimbiYaMti:
Kwa historia ya watunzi anzeni na Wolfgang Steinitz, mtafiti wa nyimbo za jadi za Kijerumani, juzuu mbili, 1954 na 1962. Nyimbo za wakulima, za askari waliotoroka jeshi, za kupinga mabwana. Kila moja na chimbuko lake.

NotaBovu:
Siasa zote hizi na hakuna aliyeona kwamba kodi za gitaa (nota zinazopigwa pamoja) kazikosea? Wimbo wa D maina kauwekea D meja. Kisha anasema kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti, iwe nafasi ya 3. Hapo hata ukirudisha D maina umefika F maina, na nota ya juu iliyokuwa D inakuwa F. Watoto wataimba au watapiga mayowe?

Ubeti_wa_Nne:
Na kodi kaziweka juu ya silabi isiyo na mkazo! Kila mstari mkono unabadilika nusu pigo kabla ya wakati.

MzeeAkodioni:
Kumbe ni yeye. Mimi nilidhani gitaa langu bovu.