Naomba ushauri: bango la meli Normandie la 1935, nitajuaje kama ni halisi?

Wakuu, habari zenu. Kuna muuzaji wa vitu vya kale ananiuzia bango la Normandie, meli ya abiria ya Ufaransa, lile alilochora A. M. Cassandre mwaka 1935. Omo ya meli imesimama mbele yako kama ghorofa, na chini kabisa wapo ndege weupe wadogo sana. Naipenda mno kazi hii. Ndege wale ndio wanaokuonyesha ukubwa wa meli, wala hakuchora abiria hata mmoja. Meli yenyewe iliungua bandarini New York Februari 1942.

Shida ni kwamba bango hili limechapishwa upya mara nyingi. Najua ya zamani yalichapwa kwa litografia (uchapaji wa kutumia jiwe au bamba bapa), na nakala nyingi za kisasa ukizitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vidoti vilivyopangwa safu kwa safu. Muuzaji anasema limegandishwa kwenye kitambaa, ila hataki kulitoa kwenye fremu.

Mliowahi kununua mabango ya aina hii, kitambaa hicho kinapunguza thamani? Nikague nini zaidi? Na nisisitize litolewe kwenye fremu kabla sijalipa?