Tupeane uzoefu: ukipotea jangwani au nyikani unafanyaje?

Mwana Ngamiani: Vijana wetu wanakwenda Oman kuendesha malori, wengine wako nyika ya Umba, huku kwetu Tanga, na mifugo. Wanaojua waweke hapa, kwa vipimo. Naanza: gari likikwama, usiliache. Rubani huliona gari kabla hajamwona mtu. Tairi la akiba lipeleke mbali na gari, chomoa valvu upepo utoke wote, mwagia oili, kisha lichome. Moshi mweusi unaonekana mbali. Likichomwa na upepo ndani, linapasuka.

Dereva wa Pongwe: Naunga mkono. Na usikae juu ya mchanga mtupu. Ng'oa kiti, kalia hicho kivulini, kwa sababu mchanga wa saa nane mchana una joto kuliko hewa iliyo nusu mita juu yake. Nguo usivue.

Bi Sahare: Kwenye maji ndiko watu wanakoponzeka. Wanapiga funda mojamoja ili chupa isiishe, wanazimia maji yangalimo. Kiu ikija, kunywa ya kutosha. Cha kubania ni jasho: kutembea juani kunaweza kukutoa lita nzima kwa saa. Mchana lala kivulini; kama huna gari na ni lazima utembee, tembea usiku.

Kijana wa Donge: Mbona yule Mtaliano, Mauro Prosperi, alikunywa mkojo akapona? Mwaka 1994, mbio za jangwani Morocco, dhoruba ya mchanga ikampoteza. Akajibanza kwenye ziara, yaani jengo la kaburi la walii, akala popo wabichi. Akakata tamaa, akajikata mishipa, damu ikagoma kutoka kwa ukavu wa mwili. Akainuka, akatembea hadi akatokea Algeria!

Dereva wa Pongwe: Subhanallah. Popo?

Kijana wa Donge: Na damu yao alinyonya.

Bi Sahare: Mwanangu, usiwafundishe watu hayo. Mkojo wa mwenye kiu umejaa chumvi, na figo zinadai maji mengine kuitoa. Uloweshee kitambaa uweke kichwani, ukupoze. Prosperi alikuwa akitembea asubuhi mapema na jioni, mchana anajificha jua. Hilo ndilo la kuiga.

Mfugaji wa Mnazi: Bi Sahare, shikamoo, lakini "tembea usiku" ni ya jangwa la mchanga. Huku Umba usiku ni wa tembo na simba wa hifadhi ya Mkomazi. Tembea saa 12 asubuhi hadi saa 4, basi. Milima ya Usambara iko kusini yako. Maji tafuta korongo kavu, chimba upande wa nje wa kona, pale ukingo ulipoliwa. Ukifika mita moja mchanga haujalowa, acha, unapoteza jasho. Jioni tazama njiwa wanakoelekea. Na mti wa mnyaa usiukate kutafuta maji, utomvu wake unaunguza macho.

Bi Sahare: Marahaba. Kwa Umba nimekubali. Oman nabaki na usiku.

Dereva wa Pongwe: Ila kule Oman usilale ndani ya wadi, yaani korongo kavu la mto. Mvua ya milimani inashuka ghafla na huku ulipo hakuna hata wingu.

Mzee wa Tongoni: Uelekeo. Simamisha fimbo ya mita moja, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka la pili. La kwanza ni magharibi, la pili mashariki. Ile njia ya kutafuta uelekeo kwa kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua haifai kwetu: Machi na Oktoba jua la adhuhuri linafika utosini. Ukikuta kaburi la Muislamu nyikani, limelala mashariki na magharibi, kichwa mashariki, maana maiti hulala ubavu wa kulia na kibla ya Tanga ni kaskazini. Oman usihesabu hivyo, Maskati kibla iko magharibi.

Kijana wa Donge: Hii ya kaburi sikuijua, mzee wangu.

Mwana Ngamiani: Na kioo cha gari kinatumikaje kumpa rubani ishara?

Dereva wa Pongwe: Kishike karibu na jicho. Nyoosha mkono wa pili, vidole viwili vipanuke, ndege ikae katikati yake. Geuza kioo taratibu mpaka mwanga upige vidoleni, halafu uchezeshe.