Mke Mtanzania, mume Mkenya: tuishi Tanga au Mombasa?

Binti wa Tanga
Assalamu alaykum, wanajukwaa. Mimi ni Mtanzania, muuguzi hapa Tanga, na mwaka huu nimeolewa na Mkenya wa Likoni ambaye ni fundi simu. Tangu siku ya nikahi tunajiuliza nani amfuate mwenzake. Wazee wa pande zote wanasema mke humfuata mume, lakini mimi nina ajira ya kudumu, na ufundi wake tunaona unaweza kufanyika mji wowote, kwa hiyo tulielekea yeye ahamie kwetu. Naomba wenye uzoefu watulinganishie njia hizi mbili, hasa kwa upande wa kazi na uraia.

Mke wa Arusha
Waalaykum salaam, wifi yangu. Mimi ni Mkenya niliyeolewa Arusha, na jambo la kwanza ulijue ni kwamba sheria ya uraia ya Tanzania haimtazami mume kama inavyomtazama mke. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake wakati mumewe yu hai, lakini mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Mumeo atalazimika kupita njia ya kawaida ya tajinisi, yaani mgeni kuomba apewe uraia, inayodai miaka mingi ya kuishi nchini. Mimi mwenyewe mlango niliufunguliwa, nikakataa kuingia, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha na sikuwa tayari kuukana wa kwetu. Naishi kwa pasi ya mtegemezi.

Wakili wa Pwani
Kabla ya uraia, tuzungumzie riziki, maana hapo ndipo mpango wenu unapokwama. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki umo ndani yake, pamoja na uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, saluni na uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja. Amri hiyo haikuwaondoa wenzetu wa Afrika Mashariki, na Kenya ililalamika waziwazi. Mumeo akifungua kibanda chake Ngamiani atakuwa anavunja sheria hata kama mkewe ni mzaliwa wa mtaa huohuo. Kuajiriwa kunawezekana, ila atahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ardhi nayo hawezi kuimiliki kwa jina lake isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Shemeji wa Nyali
Mimi ni Mtanzania niliyeoa Mombasa, kwa hiyo nimepita njia ambayo dada anaiogopa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haibagui mke na mume: aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, na sheria ya mwaka 2011 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu tu ya ndoa. Ugumu uko katika miaka hiyo mitatu ya mwanzo. Pasi ya mtegemezi inakupa haki ya kukaa, haikupi haki ya kufanya kazi, na mimi niliyezoea kujitegemea nilikaa miezi mingi nikimwomba mke wangu nauli ya matatu. Sitaki dada aingie humo bila kujua. Ukaazi wa kudumu ulipotoka nilipumua. Uraia sikuuomba, kwa sababu siku ningeupokea ningepoteza wa Tanzania.

Mvuvi wa Vanga
Kwani lazima mtu ahame? Mpaka wa Horohoro na Lungalunga uko karibu, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya matembezi hadi miezi sita bila ada.

Wakili wa Pwani
Ndugu yangu, pasi hiyo ni ya matembezi. Inafaa kwa likizo na kwa kipindi cha kungojea majibu, lakini anayeitumia kufanya kazi anajiweka hatarini.

Binti wa Tanga
Nawashukuru sana. Suala la ufundi wa simu sikulijua kabisa, na nimemsomea mume wangu maelezo ya wakili neno kwa neno. Sasa tunaelekea Mombasa, lakini ajira yangu siiachi kwanza. Nitaanza kushughulikia usajili kwenye Baraza la Wauguzi la Kenya nikiwa bado Tanga, ili nikipata mwajiri aniombee kibali cha kazi, nisikae nikingojea miaka mitatu. Je, tukijaaliwa mtoto, atakuwa wa wapi?

Mke wa Arusha
Wa kote kuwili, wifi. Kenya inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa akiwa na mzazi mmoja Mkenya, popote alipozaliwa, na kwa Tanzania atakuwa raia kupitia kwako. Akitimiza miaka 18 Tanzania itamtaka achague. Wangu ana miaka 16, na tumeshaanza kulizungumza.

Shemeji wa Nyali
Hakikisheni cheti cha ndoa kimesajiliwa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kabla hujavuka. Ombi langu lilirudishwa kwa sababu hiyo.