Wakuu naomba kueleweshwa: RAM, sipiyu, swichi, rauta... kipi hasa nitolee hela?

steshenari_chuoni
Habari za humu wakuu. Nina kafremu ka steshenari karibu na chuo, nachapa kazi za wanafunzi na kuwajazia fomu za mkopo. Kompyuta ziko tatu, za mtumba, RAM 4GB na diski 500GB, sasa hivi zimekuwa nzito hadi wateja wanaondoka. Fundi akanambia tatizo "memori" nikanunua RAM, kumbe haiingii, kale kapengo kake hakakai sawa na soketi. Mwingine kasema sipiyu imechoka, mwingine kasema ninunue rauta ya pili. Halafu nalipia intaneti ya 20Mbps ila nikishusha faili naona 2.3 tu, nahisi naibiwa. Nielewesheni haya maneno kwanza maana hela iliyobaki ni ya kikoba.

fundi_bisibisi
Pole sana mkuu. Lile boksi zima tunaliita sipiyu kwa mazoea, ila sipiyu yenyewe ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kidude bapa kimelala chini ya feni kwenye madabodi (lile bao kubwa la ndani linalobeba vifaa vyote), na ni nadra sana kuwa ndo chanzo. RAM ndo inashika kile unachokifanya sasa hivi, umeme ukikatika kazi ya mwanafunzi ambayo hujaisevu inapotea kwa sababu ilikuwa kwenye RAM, ile uliyosevu unaikuta kwa sababu iko kwenye diski. Wauzaji wengi vyote viwili wanaviita memori, hapo ndo ulipopigwa. Halafu RAM zina aina zake, DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, mapengo hayalingani, usije ukailazimisha utaua soketi.

Kabla hujanunua chochote bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie diski na memori zinatumika asilimia ngapi. Diski ikigonga 100% na hujafungua kitu, weka SSD, diski ya aina mpya. Hiyo uliyonayo ni sahani inazunguka na kasindano kanatafuta faili huku na huku, SSD haina kinachozunguka.

waya_nane
Kwenye intaneti hujaibiwa ndugu. Mbps yenye b ndogo ni megabiti, kompyuta inaposhusha faili inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5, kwa hiyo 2.3 yako iko vizuri kabisa.

Rauta ya pili USINUNUE. Rauta ndo inaunganisha ofisi yako na nje na ndo inagawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa, zile za 192.168 na kuendelea. Ukichomeka ya pili bila kuiseti nayo inaanza kugawa zake, kompyuta hii haioni printa, ile haioni mwenzake, utalia. Swichi yenyewe inaongeza matundu tu. Ila angalia kwanza nyuma ya rauta yako, nyingi zina matundu manne ya LAN (mtandao wa ndani ya ofisi), kompyuta tatu na printa moja zinaenea humo humo, kilichobaki ni waya wa mtandao wa Cat5e ambao unafika hadi mita 100.

dada_printa
Naongezea, hata ukiweka SSD hiyo 4GB bado ni ndogo, mteja akifungua tabu kumi za brauza inajaa. Fikisha 8GB ukipata nafasi. Na kama saa ya kompyuta inarudi nyuma kila ukizima ukutani, badilisha betri ya madabodi, CR2032, maana tarehe ikikosewa tovuti nyingi zinagoma kufunguka na wewe unadhani ni mtandao.

steshenari_chuoni
Aisee wakuu asanteni sana. Nimeangalia zote tatu, diski 100% hata sijagusa kitu. Stika ya RAM niliyonunua imeandikwa PC4, ya kwenye mashine PC3. Na rauta kweli ina matundu manne, mawili hata sijawahi kuyatumia!! Swali la mwisho, nikiweka SSD kazi za wateja zitapotea?

fundi_bisibisi
PC3 ndo DDR3 na PC4 ndo DDR4, hiyo PC4 irudishe dukani leo wakubadilishie. Kazi hazipotei, diski ya zamani usiifomati, piga Windows upya kwenye SSD kisha irudishe ile ya zamani kama diski ya pili, uchukue mafaili yako humo. Zile za wateja ambazo huwezi kuzipata tena kopi kwenye flashi kabla hujafungua hata skrubu moja. Anza na mashine moja kwanza, ukiona imekaa sawa ndo uende kwa hizo mbili.